Hewa ya Wizi

Nililisikia kabla sijaliona. Nilikuwa nimeinama juu ya karai, nafua, hapa ninapoishi Kahawa Sukari, na kutoka ng'ambo ya ukuta ukaja mlio wa injini inayopanda na kushuka bila mtu kuigusa. Vuuum, ikashuka hadi karibu kufa, ikashtuka, vuuum, ikashuka tena. Ilikuwa kama mtu aliyelia mpaka machozi yakamwishia na sasa anavuta pumzi tu. Mikono yangu ikatulia ndani ya povu. Kabla sijajua ni gari gani, nilijua ugonjwa wake: kuna mpira wa hewa mahali fulani una tundu.

Nilipochungulia nilimwona kijana mmoja wa chuo amesimama mbele ya gari kuukuu, boneti juu, anakuna kichwa. Ningeweza kumwambia awashe dawa ya mbu. Badala yake nilirudi kwenye karai, nikaketi kando yake, na nguo zikabaki majini hadi jioni.

Nyumba yetu ilikuwa Gitothua, Ruiru. Ilikuwa nyumba ya mawe, vyumba vitatu, na nyuma yake ua mdogo wa saruji iliyopasuka, ambako parachichi la jirani lilituangushia majani mwaka mzima. Mlango wa nyuma, wa kutoka jikoni kwenda uani, ulikuwa umevimba kwa mvua. Ukiufunga hivi hivi ulikwaruza sakafu kwa kelele ya kuumiza meno. Ilibidi uushike kitasa, uuinue kidogo, ndipo uusukume. Wageni hawakujua. Sisi watatu tuliuinua bila kufikiri, na hata leo mkono wangu huinua milango isiyohitaji kuinuliwa.

Pale uani ndipo lilipokaa gari la Baba. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Nyuma lilikuwa na herufi tatu za bati, E, F na I, nami nilidhani hilo ndilo jina lake, kwa hiyo nililiita Efi. Baba hakunisahihisha. Alilinunua likiwa tayari limezeeka kutoka kwa meneja mmoja aliyekuwa akihama nchi, na siku hizo mafundi wa Ruiru walikuwa watu wa kabureta: unaifungua, unaipuliza kwa mdomo, unairudisha, gari linawaka. Walipofungua boneti ya Efi wasione kabureta, waliifunga taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani.

"Mzee, hii ni ya kompyuta," walisema. "Hii peleka Nairobi."

Baba hakuipeleka Nairobi. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo kule Thika, na kazi yake yote ilikuwa ya masikio. Alisema mashine haiugui ghafla, huanza kwa kulalamika chini chini, na aliyezoea sauti yake ya afya ataisikia. Kila Jumamosi alasiri alivaa ovaroli yake ya buluu, akainua boneti, akaniita.

"Kukhu! Leta masikio yako."

Nilipewa jina la mama yake, na kwao magharibi hilo lilinifanya niwe kukhu, yaani nyanya. Baba hakuwahi kuniita kwa jina lingine. Mama naye akawa Mama Kukhu, mama wa nyanya, jambo ambalo majirani zetu Wakikuyu walilicheka kila walipolisikia, na Mama alicheka nao.

Baba alinisimamisha juu ya kreti ya soda, akanipa bisibisi ndefu. Ncha yake niliigusisha kwenye injekta, ile pua ndogo inayopuliza petroli ndani ya injini, na mpini nikaubana sikioni. Hapo dunia yote ilinyamaza, ikabaki sauti moja: tiki-tiki-tiki-tiki, ya haraka, safi, kama cherehani ya Mama ikisikika kutoka nyumba ya tatu. Zilikuwa nne. Nilizisikiza moja moja.

"Zote zinaongea?"

"Zote, Baba. Lakini ya tatu ina mafua."

Na mara nyingi ilikuwa kweli. Aliitoa, akaisafisha kwa petroli na mswaki wa zamani, akairudisha, na mimi nikasikiza tena mpaka mafua yaishe. Sijawahi tena kuwa mtu wa maana kama nilivyokuwa juu ya kreti ile.

Kisha kiwanda kikaanza kunyamaza. Watu walikuwa wakinunua mitumba, hakuna aliyetaka kitambaa kipya, na mashine za Baba zilizimwa safu kwa safu. Siku alipoachishwa alirudi na ovaroli imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa karatasi, akaiweka juu ya kabati kama kitu kilichonunuliwa. Alipata vibarua hapa na pale. Baadaye ndugu yake akaandika barua kwamba kuna nafasi kwenye kiwanda cha sukari, kule kwao.

Mama alikuwa na kibanda cha ushonaji mjini Ruiru. Alishona sare na mabegi ya shule.

"Nimekaa miaka nikitafuta wateja hawa," alisema. "Nikienda huko nitashonea nani? Miwa?"

"Kuna watoto wa shule hata huko."

"Na kuna mama zako na dada zako, wote wakiniangalia nikisonga ugali kama mgeni. Hapana. Wewe nenda."

"Nikienda, nimeenda."

"Si nimesema uende?"

Baada ya hapo waliacha kuongea, au tuseme waliongea kupitia mimi. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani," Mama alisema, na Baba ameketi pale pale anaushika ukingo wa meza hiyo hiyo. "Mwambie asante," Baba alijibu. Niliwasilisha ujumbe ule kwa uaminifu wote, nikigeuza kichwa huku na huku. Jina la Mama Kukhu halikusikika tena. Mama akawa "yeye".

Jumamosi moja Anko Ndung'u, kaka yake Mama, alikuja akamkuta Baba amelala chini ya Efi. Efi ilikuwa imeanza ule ugonjwa wa kupanda na kushuka, na kila ikishuka sana ilizimika.

"Shemeji, unaenda au huendi?" Anko aliuliza.

"Gari likitulia, naenda," Baba alisema kutoka chini. "Siwezi kupanda milima ya Timboroa na kitu kinachozimika hivi. Likitulia tu."

Nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi. Maneno yale yaliingia sikioni mwangu sawasawa kama mlio wa injekta, na hayakutoka.

Siku hiyo hiyo ndipo aliponifundisha hewa ya wizi. Alisema kompyuta ya Efi hukaa mlangoni inahesabu hewa yote inayoingia, kisha inapima petroli ya kulingana nayo. Lakini mpira ukipasuka, hewa nyingine huingia kwa dirisha bila kuhesabiwa. Kompyuta inachanganyikiwa, inaongeza, inapunguza, haijui imekosea wapi. Ili kumpata mwizi, aliwasha kipande cha dawa ya mbu, ile ya kujiviringa, akakipitisha polepole kando ya mipira ya hewa, mbali na ile ya petroli.

"Wewe utatuchoma sote!" Anko Ndung'u alipiga kelele, akarudi nyuma hadi ukutani. "Ngai! Moto karibu na petroli, na mtoto hapo!"

"Tulia shemeji, petroli iko upande ule. Kukhu, tazama moshi."

Moshi ulipanda wima, wa kijivu, mtulivu. Halafu mahali pamoja, kwenye mpira mwembamba kama kidole changu, ulijipinda ghafla ukaingia ndani, kama umeitwa. Hapo palikuwa na ufa.

Baba alinunua mpira mwingine. Alipoufunga, Efi ilitulia, ikaunguruma kwa sauti moja ya chini, na maji aliyoweka ndani ya kikombe juu ya injini hayakutikisika sana. Alifurahi, akanipiga begani. Mimi nilihisi kama mtu aliyesaidia kuchimba shimo akagundua ni la nani.

Ijumaa iliyofuata, baada ya shule, Baba alikuwa kibaruani na Mama kibandani. Kwenye droo ya Mama kulikuwa na sindano nene anayoshonea mabegi. Niliichukua, nikapanda kreti, nikainua boneti kwa mabega yangu yote mawili, nikauchoma ule mpira upande wa chini ambako macho hayafiki. Nilitoboa matundu saba kwa mstari, na kila moja nililizungushia sindano ili lisijifunge. Nilikusudia manane, kwa umri wangu wa miaka minane, lakini la mwisho nililiacha nikiwa nimechoka.

Jumamosi Efi iliwaka, ikapanda, ikashuka, ikafa. Baba alistaajabu. Akawasha dawa ya mbu. Moshi ukajipinda. Aliutoa mpira, akauinua kwenye jua, na nukta saba za mwanga zikamtua usoni.

Nilingoja anipige. Hakunitazama hata kidogo. Mimi nilikuwa masikio yake, na nani angeyashuku masikio yake? Aliutazama mstari ule mnyoofu wa matundu. Kisha akageuka akatazama dirisha la jikoni, ambako Mama alikuwa amesimama anakata sukuma wiki, kichwa chini. Aliutazama mpira tena. Alitoa sauti ndogo puani, karibu kicheko, na badala ya kuutupa, akautia mfuko wa kifua wa ovaroli yake.

Jumamosi ile alifunga mpira mpya, na Ijumaa nikautoboa. Wiki iliyofuata vile vile. Nilidhani nimegundua kitu kikubwa kuhusu Baba, kwamba anapenda gari liharibike. Maana badala ya kukasirika alianza kupiga mluzi. Alianza kunyoa ndevu hata siku zisizo na kibarua. Jioni moja alileta nyama iliyofungwa kwa gazeti, akaiweka mbele ya Mama mwenyewe, bila kunituma.

"Mama Kukhu," alisema, "hii ni ya kuchemsha au ya kukaanga?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeongeleshwa na kabati. "Vile unataka," alijibu. Lakini aliikaanga, kwa nyanya na dania, na tulikula watatu tukisikiliza salamu za wasikilizaji kwenye redio.

Wiki ya nne tulienda Thika pamoja, Baba na mimi, kutafuta mpira mwingine kwa wauza vipuri. Tulipita mbele ya kiwanda. Bawabu alimjua.

"Fundi! Bado uko? Walisema umehamia kwenu."

"Bado niko."

"Unangoja nini?"

Baba alicheka tu. Kupitia vyuma vya lango niliona safu za madirisha, na nikashangaa jinsi kulivyokuwa kimya, maana miaka yote ukuta ule ulikuwa ukitetemeka. Tulinunua mahindi ya kuchoma, tukaketi kwenye ukingo wa barabara. Alivunja lake nusu akanipa upande wenye ndimu zaidi.

"Kukhu. Labda sitaenda."

"Kwa nini, Baba?"

"Kuna mtu hataki niende."

"Nani?"

"Hawezi kusema kwa mdomo. Ni mtu wa kiburi. Lakini ana njia yake ya kusema." Na akanitazama akitabasamu, na mimi nikatazama chini, nikauma mahindi ili nisicheke. Amejua, niliwaza. Amejua ni mimi na hajakasirika. Njia nzima ya kurudi Ruiru nilikaa ndani ya matatu nikiwa mrefu kuliko kimo changu.

Siku iliyofuata, Jumapili, Anko Ndung'u alikuja kula. Mama alikuwa amepika chapati na ndengu. Anko hakuweza kumaliza chapati ya kwanza bila uchokozi.

"Shemeji, gari bado? Hata ng'ombe angekuwa amezaa sasa. Nilikwambia toa hiyo kompyuta, weka kabureta, uone kama hutafika Uganda kabla ya chai."

"Gari halina shida, shemeji," Baba alisema. "Nimejua mwizi wa hewa."

Alinawa mikono. Akatia mkono mfukoni mwa shati, akatoa vipande vinne vya mpira mweusi, akavipanga mezani kando ya sahani ya Mama, kimoja kando ya kingine, kwa uangalifu wa mtu anayepanga picha za watoto.

"Mama Kukhu," alisema. Sauti yake ilikuwa laini, sikuwa nimeisikia hivyo kabla. "Nimekaa na hizi wiki nne. Kila Jumamosi nilikuwa nikiomba nikute umetoboa tena. Nilitaka useme mwenyewe, lakini naona umesema vya kutosha. Nitamwandikia ndugu yangu. Siendi."

Mama aliokota kipande kimoja. Alipitisha ncha ya kidole gumba juu ya matundu, polepole, kama anavyopima mshono. Aliijua sindano yake. Nililiona hilo: bega lake lilishuka, na macho yake yakapanda kutoka kwenye mpira hadi kwenye uso wa Baba, yakakaa hapo. Hawakuwa wametazamana hivyo tangu barua ije. Midomo yake ikafunguka.

Na mimi, niliyetoboa, niliyejificha, niliyechoka vidole, nikaona sifa yangu inapewa mtu mwingine.

"Si Mama!" nilipiga kelele, nikiruka kutoka kitini. "Ni mimi! Baba, ni mimi! Nilitumia sindano ya mabegi!"

Anko Ndung'u aliangua kicheko. "Haiya! Kumbe mwizi ni huyu mdogo!" Alipoona anacheka peke yake, alikatiza akachukua chapati.

Baba alinigeukia. "Zote?"

"Zote, Baba."

"Mama hakukutuma?"

"Hakuna mtu alinituma," nilisema kwa fahari. "Hata Mama hajui."

Alimtazama Mama tena, mara moja tu, kama mtu anayesikiza injini baada ya kuizima, kuona kama kuna kitu bado kinazunguka ndani. Mama alikuwa ameshaurudisha mpira mezani. Midomo yake ilikuwa imefungika.

Baba alivikusanya vipande vyake vinne. "Uko na mkono mzuri, Kukhu," alisema. "Mstari umenyooka." Kisha akatoka uani, na nilipomfuata nilikuta amekaa kwenye kreti yangu, ametupia ovaroli juu ya shati bila kuifunga, anatazama gurudumu.

Nilidhani amehuzunika kwa sababu ya mipira iliyoharibika. Nilimwambia nitaacha. Nilimwambia sitatoboa tena hata moja. Nadhani hakuna neno lingine nililowahi kumwambia lililomuumiza kama lile.

Nimezunguka ile meza maisha yangu yote. Natafuta kitu kilichokuwa kwenye ulimi wa Mama. Labda alikuwa anaenda kusema, "Hii ni nini?" Labda alikuwa anaenda kudanganya, kwa kiburi chake chote, aseme ndiyo, ni mimi, kwa sababu mlango aliokuwa ameshindwa kuufungua, mtu alikuwa amemfungulia, na kilichobaki kilikuwa kupita tu. Nilimuuliza mara moja nikiwa mtu mzima. Alikuwa anatunga uzi, ameufinya mdomoni. Aliutoa, akaupitisha kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila kukosea.

"Chai yako inapoa," alisema.

Baada ya kuhamia kwao, Baba alirudi kututembelea mara mbili. Alibisha hodi. Alinywa chai kwenye kikombe cha wageni, akauliza masomo yangu, akasema barabara ni mbaya upande wa Timboroa. Sasa amelala kwao, chini ya udongo mwekundu, na katika vitu vyake nilivyopewa kulikuwa na ile bisibisi ndefu. Vipande vya mpira sikuviona. Sijui alivitupa lini.

Asubuhi ile alipoondoka hakukuwa bado na jua la kuchoma, umande ulikuwa kwenye kioo cha Efi, na majani ya parachichi yameganda juu ya boneti. Alikuwa amefunga mpira mpya jioni iliyotangulia. Aliwasha. Efi iliunguruma mara moja kisha ikashika sauti moja, ya chini, iliyonyooka. Alileta kreti akaniinua juu yake, ingawa nilikuwa naweza kupanda mwenyewe.

"Sikiza mara ya mwisho."

Nilibana mpini sikioni. Ya kwanza, tiki-tiki-tiki. Ya pili. Ya tatu, ile ya mafua, ilikuwa safi kuliko zote. Ya nne. Nilizirudia, natafuta kosa lolote, mkwaruzo wowote, kitu kidogo tu ambacho angehitaji Jumamosi moja kukitengeneza. Ningeweza kusema uongo. Angeniamini. Lakini alinifundisha kila kitu kuhusu mashine isipokuwa kuisingizia.

"Zote zinaongea?"

"Zote, Baba."

"Sawa?"

"Sawa."

Aliingia jikoni kuchukua begi lake, mojawapo ya yale aliyoshona Mama, na mimi nikaingia nyuma yake. Mama alikuwa amesimama kwenye jiko ameupa mlango mgongo, anakoroga uji uliokwisha kuiva. Baba aliuwekea mkono ukingo wa meza, pale vipande vilipokuwa. Alingoja. Niliona kijiko kikizunguka. Nikamtazama Mama, nikamtazama Baba, nikingoja mmoja wao anitume.

"Haya, Mama Kukhu," Baba alisema.

Kijiko kilisimama. Halafu kikaendelea.

Alinigusa kichwa, akatoka. Niliziba masikio, kwa sababu mtu aliyeondoka kwa uchungu kama ule, niliwaza, angeusukuma tu mlango ukwaruze sakafu yote. Lakini aliushika kitasa, akauinua kidogo, kama sisi watatu tulivyozoea, na ukajifunga bila sauti yoyote.